Aende Ng'ambo, Arudi na Maarifa

Ndugu msomaji wa Mwanjelwa, mwanao wa Chuo Kikuu akipata nafasi ya kwenda ng'ambo kujifunza sayansi ya mazingira kwa vitendo, usimwulize ataleta zawadi gani. Mwulize atarudi na maarifa gani.

Wangari Maathai wa Kenya alisoma biolojia Marekani. Huko Pittsburgh aliwaona wananchi wakipigania kusafisha hewa ya mji wao wa viwanda. Nyumbani tatizo lilikuwa ardhi kukosa miti. Mwaka 1977 akaanza kuipanda pamoja na akina mama.

Nasi tunayo kazi. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaolishwa na vijito vya milima yetu, umekuwa ukikatika kiangazi. Kijana na akajifunze kupima mito ya wageni, ili arudi kuiokoa ya kwetu.