Mzazi Mwenza Anapotaja Kipato Pungufu: Jinsi ya Kukipinga katika Shauri la Matunzo ya Mtoto

Katika kata yetu ya Mchafukoge, wengi wetu huishi kwa biashara isiyo na hati ya mshahara. Kwa sababu hiyo, mzazi anayedaiwa matunzo ya mtoto huweza kutaja kipato kidogo kuliko anachopata, na mzazi mwenzake akadhani kwamba hana la kufanya. Sivyo ilivyo. Kiasi anachokitaja mdaiwa ni kauli yake tu, na kauli hiyo yaweza kupingwa mahakamani.

Zamani, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kuamriwa kulipa shilingi 100 tu kwa mwezi. Utaratibu huo ulifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo haikuweka kiwango kimoja kwa wote. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama izingatie kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wa uwezo wao wa kujipatia kipato, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, pamoja na haki za mtoto mwenyewe. Kwa hiyo mahakama haiangalii fedha za mkononi pekee, bali hata mali.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo anayedai kupata shilingi 200,000 kwa mwezi. Ikithibitika kwamba kila mwezi hulipia kodi ya nyumba, mkopo wa gari na ada za shule za kulipia, na jumla yake inazidi kiasi hicho, hakimu atakuwa na sababu ya kumtaka aeleze fedha hizo hutoka wapi. Hata hivyo, duka lililojaa mzigo si ushahidi wa faida, kwani huenda bidhaa zimechukuliwa kwa mali kauli. Onesheni matumizi yake, wala msikadirie faida kwa macho.

Kabla ya kwenda mahakamani, mwombaji aandae mambo yafuatayo:

1. Orodha ya mahitaji ya mtoto kwa mwezi, ikiwa na risiti za ada, sare, matibabu, chakula na pango.
2. Ujumbe wa miamala ya simu unaoonesha fedha alizowahi kutuma mzazi mwenza, na tarehe zake.
3. Vielelezo vya biashara au mali yake vinavyopatikana kwa uwazi, kama matangazo, kadi za biashara na taarifa za usajili zilizopo BRELA.
4. Mashahidi waliojionea wenyewe, si waliosikia.
5. Maelezo ya kweli kuhusu kipato chake mwenyewe, kwa kuwa nacho kitapimwa.

Jihadharini na njia za mkato. Kuingia katika simu au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Benki na Mamlaka ya Mapato hazimpi mtu binafsi taarifa za mwingine. Iombeni mahakama iamuru zitolewe. Sheria ya Ushahidi humtaka anayedai athibitishe dai lake, lakini pia inaeleza kwamba katika mashauri ya madai, jambo lililo katika ufahamu wa pekee wa mtu ni juu yake kulithibitisha. Hesabu za duka lake anazijua yeye.

Mahakama yaweza pia kumwagiza Afisa Ustawi wa Jamii achunguze hali ya familia na kuwasilisha taarifa. Ikiwa amri imekwisha kutolewa, msikate tamaa: amri ya matunzo yaweza kurekebishwa hali inapobadilika, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu marekebisho pale amri ilipotokana na maelezo ya uongo.

Anzeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye ataeleza kama suluhu yawezekana au shauri lipelekwe Mahakama ya Watoto Kisutu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu huduma zinazotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wakati shauri likiendelea, mtoto asizuiwe kumwona mzazi wake kwa sababu ya deni. Matunzo ni haki ya mtoto, na kuwaona wazazi wake ni haki yake vilevile.