Lijamu nene si lazima liwe la huruma

Wanunuzi wengi wa lijamu la dresaji huamini kwamba likiwa nene, farasi atastarehe. Chuma chembamba hukata, husema, na kinene hutawanya mkandamizo. Hoja hiyo ina ukweli, ila inasahau kuuliza kama kinywa kina nafasi.

Pandisha kidogo mdomo wa farasi upande mmoja, utazame. Baada ya meno ya mbele kuna pengo tupu, ndipo magego yaanze. Lijamu hukaa hapo. Ukipapasa taya la chini utagusa ukingo mkali wa mfupa uliofunikwa na ufizi mwembamba tu, bila nyama ya kuukinga. Katikati umelala ulimi, na mdomo ukifungwa, ulimi huo hukijaza kinywa hadi kuligusa kaakaa. Kwa hiyo chuma hakikuti uwazi. Huusukuma ulimi ndipo kipate pa kukaa. Kila milimita inayoongezwa kwa nia njema, ulimi ndio unaoibeba.

Lijamu lenye kiungo kimoja nalo lilisingiziwa kwa muda mrefu: ati hatamu zikivutwa, kiungo huinuka na kuchoma kaakaa. Miaka ya 1980, huko Kanada, mtafiti Hilary Clayton alilitazama lijamu kwa eksirei likiwa kinywani. Hatamu zilipovutwa, kiungo kilizama kwenye ulimi na kuliacha kaakaa.

FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, linataka lijamu la kawaida la pete lisipungue unene wa milimita 14, au 10 kwa poni, likipimwa karibu na pete. Hicho ni kiwango cha chini, wala hakisemi kwamba kuzidisha ni kuzuri. Uso wake uwe laini. La kusokotwa haliruhusiwi, na kipande cha kati kikiwepo kiwe cha mviringo, kisiwe bapa lenye kingo. Wanaotumia malijamu mawili kwa pamoja wana milimita 12 kwa lile la nyenzo na 10 kwa mwenzake, na mkono wa nyenzo chini ya kinywa usizidi sentimita 10, kwa sababu urefu wake huzidisha nguvu ya mpandaji.

Kinachoniudhi ni mtu kununua kwa kuangalia orodha ya yanayoruhusiwa na kudhani kazi imekwisha. Orodha huzuia mabaya zaidi. Haijui upana wa taya la farasi wako. Pia haina maana kuchagua lijamu la upole kisha kuukaza mkanda wa pua hadi farasi ashindwe kusogeza ulimi. Heri FEI ilileta kipimo mwaka 2025: lazima ibaki nafasi ya sentimita 1.5 juu ya mfupa wa pua.

Halafu kuna malijamu ya kurithi, yaliyolika kwenye tundu za pete hadi yanabana ngozi ya pembe za mdomo. Hayo yatupwe, hata kama yalikuwa ghali.

Mengineyo kwa haraka: la pete huru hucheza zaidi, la pete isiyozunguka hutulia, lisilo na kiungo hulala juu ya ulimi, la plastiki ngumu hutafunwa, likaguliwe. Upana uzidi midomo kidogo tu kila upande. Ukishuka, kikague kinywa kabla ya kumpa farasi maji. Mashindanoni msimamizi hukikagua kwa glavu, na damu ikionekana, farasi ametolewa.