Santuri ya Kununua au Wimbo wa Kukodi?

Mtu aketiye leo kando ya mto Katuma hapa Sitalike, huku viboko wakikoroma katika dimbwi lao, aweza kuifungua simu yake akausikiliza muziki uliopigwa Dar es Salaam, Kinshasa au London, almuradi kifurushi chake hakijamalizika na mtandao haujakatika. Tangu Februari 2021, kampuni ya Spotify ilipofungua huduma yake katika nchi yetu, jambo hili limezidi kuwa la kawaida. Ndipo wapo wanaouliza: iko haja gani tena ya mtu kutoa fedha zake kununua santuri, CD au toleo maalumu lenye jalada gumu na kijitabu ndani yake? Je, huo si ubadhirifu mtupu?

Swali hili si la kupuuzwa, wala si la wenye nacho wa mijini peke yao. Lakini ili tulijibu kwa haki yatupasa kwanza kufahamu ni nini hasa kinachouzwa. Mwenye kutiririsha muziki hanunui wimbo. Hukodi ruhusa ya kuusikiliza. Siku mwenye huduma akiamua kuuondoa, huondoka, na msikilizaji hana hoja. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia. Kimoja kati ya hivyo ni kile ambacho wengi wetu tulikijua kwa Kiswahili kuwa Shamba la Wanyama. Wasomaji walirudishiwa fedha zao, ndiyo. Lakini ni muuza duka gani wa Mpanda angethubutu kuingia usiku nyumbani kwa mteja, akachukua kitabu na kuacha noti mezani? Na mwaka 2019 mtandao wa Myspace ulikiri kwamba nyimbo zilizowekwa humo kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea.

Sasa tutazame historia yetu wenyewe, kwani huko ndiko kwenye fundisho kubwa zaidi. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sauti yake ilirudi Unguja ndani ya sahani za shelaki, kitu kizito, chepesi kuvunjika. Siti alifariki mwaka 1950. Kama leo wajukuu wa wasikilizaji wake wanaisikia sauti ile hata katika simu, ni kwa sababu wapo watu waliozihifadhi sahani zile.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nchi yetu haikuwa na kiwanda chake cha kutoa santuri. Bendi zetu zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zile zilizobahatika kutoa santuri zilitolewa Nairobi. Wimbo mrefu wa dansi haukuenea upande mmoja wa santuri ndogo, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na kiitikio kikinoga ilibidi mtu ainuke akaigeuze! Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979, ugenini, katika safari zile zile za kuutafutia muziki wake soko.

Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wa enzi ile haikupata kuwa santuri kamwe. Ilibaki katika kanda za redio, na kanda haina subira: gundi inayoshika unga wa sumaku hulegea kwa joto na unyevu, na unga ukidondoka sauti imekwenda. Mwaka 2012 ulianzishwa mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project kwa nia ya kuziokoa kanda hizo. Ni jambo la kusikitisha kwamba kazi ya namna hiyo ilihitaji kuombewa michango.

Kwa hiyo toleo la kununuliwa lina thamani pale linapobeba kitu kisichopatikana penginepo. Mfululizo uitwao Zanzibara, ulioanza kutolewa mwaka 2005 na kampuni ya Buda Musique ya Paris, ni mfano mwema. Juzuu yake ya tatu, yenye jina Ujamaa, imekusanya muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960, na kijitabu chake kinaeleza historia ya muziki huo. Katika simu, wimbo wa zamani mara nyingi huja bila jina la mtunzi, bila mwaka, au kwa jina la bendi isiyohusika. Mzee aliyepuliza tarumbeta katika wimbo huo amefutwa. Je, hilo si dhuluma?

Hata hivyo inakera kwamba muziki wetu wenyewe tunaununua kutoka Paris. Tumbaku ya Mpanda nayo huondoka ikiwa majani, ikarudi ikiwa sigara.

Ama yale matoleo yenye nyimbo zile zile za mwaka jana, yaliyotiwa rangi ya kupendeza na kupigwa namba ili mnunuzi ajione mteule, hayo ni mapambo. Mwenye fedha ya mapambo na anunue. Tena mashine za CD zinatoweka katika magari na kompyuta mpya, na santuri isiyo na sindano ni sinia tu, tena lisilofaa hata kupepetea mchele.

Kwa mwananchi wa hapa kilicho karibu zaidi ni kanda zilizomo masandukuni kwa wazee. Wako watakaokuja kuzinunua kwa bei ya kutupa. Zisiuzwe kabla ya kunakiliwa. Zisimamishwe wima, mbali na jua la dirishani na mbali na spika, maana sumaku yake huharibu sauti. Na kabla ya kupigwa, kanda iliyokaa miaka izungushwe kwanza polepole hadi mwisho. Jina la mwimbaji na mwaka, kama bado yupo anayeukumbuka, yaandikwe kwa kalamu juu ya kasha.