Baridi yabisi: Mitishamba isichukue nafasi ya dawa

Mama mmoja fundi wa kushona nguo alikuja kliniki akiwa na furaha. Miezi mitatu awali vidole vilikuwa vimevimba hata hawezi kushika sindano. Sasa alisema amepona, kwa unga wa mitishamba aliouziwa kwenye steji ya matatu. Vidonge nilivyompa alikuwa ameviacha.

Lakini uso wake ulikuwa umevimba ukawa mviringo, na sukari katika damu ilikuwa imepanda. Hizo ni dalili za steroidi. Wako wauzaji ambao huchanganya kisiri unga wa miti na dawa za hospitali kama deksamethasoni. Maumivu hupungua upesi, huku mifupa ikidhoofika na presha kupanda.

Licha ya jina lake, baridi yabisi haisababishwi na baridi, wala si uzee. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa viungo, hasa vile vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili. Asubuhi vidole hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Wanawake huugua zaidi ya wanaume.

Kiungo kikishaliwa hakirudi. Ndiyo maana dawa kama methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, huanzishwa mapema.

Je, mitishamba haifai? Ina nafasi yake. Tangawizi na manjano zimeonekana katika majaribio madogo kupunguza maumivu kidogo, na kuzitia katika chai au mchuzi hakuna ubaya. Hata hivyo, vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimewahi kudhuru ini, na methotreksati nayo huweza kulidhuru. Anayemeza warfarini asivitumie bila kumwuliza daktari, kwani anaweza kutokwa na damu kwa urahisi.

Kwa hivyo, msomaji, usiache dawa za hospitali kwa sababu ya mitishamba. Mweleze daktari kila unachotumia, na ulete pakiti yake. Unga unaoondoa maumivu kwa siku mbili tatu utilie shaka. Ikiwa umeutumia kwa majuma kadhaa, usiukatize ghafla. Ukiwa na steroidi, unaweza kuanguka na hata kufa. Mwone daktari kwanza.

Yule mama tulimpunguzia steroidi polepole na kumrudisha kwenye methotreksati. Anashona tena, ingawa vidole viwili vimepinda na havitanyooka. Chai yake ya tangawizi bado anakunywa, nami sikumkataza.