Uzito wa Oili kwa Trekta Lenye Tabo

Mkulima, wako watu watakaokuambia ya kuwa oili nzito ndiyo yenye nguvu, na kwamba trekta lilimalo ardhi ngumu lapasa kutiwa iliyo nzito kupita zote dukani. Usiwasikilize. Katika injini ya dizeli yenye tabo, shauri hilo laweza kukulaza trekta wakati mvua za kwanza zinanyesha.

Tabo ni pangaboi dogo lizungushwalo na moshi utokao katika injini, ili hewa nyingi isukumwe ndani. Mhimili wake waweza kuzunguka mara 100,000 na zaidi kwa dakika moja, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini ile ile. Utando ukikosekana kitambo kidogo tu, chuma husaga chuma.

Basi soma mkebe. Ukiona 15W-40, namba iliyo pamoja na herufi W yaonyesha jinsi oili ipitavyo katika baridi. Ikiwa ndogo, oili huwahi kufika. Namba ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa na moto, nao hupimwa katika joto la digrii 100 za Selsiasi. Oili ya 40 peke yake, bila W, hulingana nayo kwa uzito ikiisha pata moto. Lakini alfajiri ya Juni kule Njombe, umande ugandapo majanini, huwa nzito zaidi, na tabo hungoja. Huku kwetu baridi ya kuishinda 15W haipo, kwa hiyo usiongeze fedha kwa ajili ya 5W, isipokuwa kitabu cha trekta kimeiagiza. Kitabu ndicho kiamuacho.

Tazama na herufi za ubora: CH-4, CI-4 na CK-4 ni za dizeli, zianzazo kwa S ni za petroli. Injini ikila oili, usifiche ugonjwa kwa kutia namba 50. Tafuta kwanza ivujapo. Weusi usikutishe, maana oili ya dizeli hubeba masizi. Ikinuka dizeli, hapo ndipo pa kuogopa: imekwisha kuwa nyepesi, haifai.

Na ukiisha kulima usizime injini mara moja. Iache ingurume polepole dakika 3 hivi, tabo ipoe, kwa kuwa hata oili ya uzito upasao, ikisimama ndani ya tabo yenye moto mkali, huungua ikawa makaa, nayo makaa huziba njia yake.