Kampala: Kabila la mlalamikaji huandikwa, chuki ya mshambuliaji haiandikwi

Mtu aliyepigwa usiku katika vichochoro vya Kisenyi au Katwe, akajikokota hadi kituo cha polisi, hupitia hatua ambazo wakazi wengi wa Kampala wanazifahamu. Husimama kaunta na kueleza yaliyompata. Askari wa zamu huyaingiza katika kitabu cha matukio cha kituo na kumpa namba ya rejea, ile inayoitwa SD. Akiwa na majeraha hupewa Fomu ya Polisi namba 3 aipeleke kwa daktari. Jalada la upelelezi likifunguliwa, maelezo yake huandikwa katika karatasi ambayo kwa miaka mingi imekuwa na nafasi ya jina, jinsia, umri, na kabila.

Kabila lake yeye, mlalamikaji. Ikiwa kabila hilo, au dini yake, au lafudhi yake, ndiyo iliyomfanya apigwe, hakuna mahali maalumu pa kuliandika jambo hilo. Kosa litaitwa shambulio la kudhuru mwili, au unyang'anyi ikiwa simu yake nayo ilichukuliwa. Mwisho wa mwaka litaingia katika Ripoti ya Uhalifu inayotolewa na makao makuu ya polisi Naguru, likijumlishwa na ugomvi wa baa na wa wapangaji. Ripoti hiyo ina safu za mauaji, wizi, uvunjaji wa nyumba, ukatili majumbani na mengine mengi. Safu ya uhalifu wa chuki haimo.

Hilo halitokani na uhaba wa sheria dhidi ya chuki, kwa kuwa Uganda inayo, na ni ya zamani kuliko za baadhi ya majirani. Mwaka 1988, serikali ya NRM ikiwa na miaka miwili tu madarakani na kumbukumbu za vita na mauaji zikiwa bado mbichi, kosa la kuchochea ubaguzi wa makundi liliingizwa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa miaka mingi lilijulikana kama kifungu cha 41. Linamgusa yeyote anayechapisha, kutamka au kutenda jambo linaloelekea kulifanya kundi fulani lichukiwe au lidharauliwe kwa sababu ya dini, kabila au eneo lilikotoka, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano. Agosti 2010, Mahakama ya Katiba ilipofuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali katika kesi ya mwanahabari Andrew Mwenda na Taasisi ya Vyombo vya Habari ya Afrika Mashariki, hili la ubaguzi iliamua libaki.

Neno "kutenda" limo katika kifungu hicho. Hata hivyo, waliosikika wakishtakiwa kwacho ni zaidi watu wa maneno: wanahabari, wanasiasa, wasemaji wa redioni. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2022 yalifuata njia hiyo hiyo yalipoongeza kosa la matamshi ya chuki mtandaoni, ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka saba. Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 kifungo cha miaka sita baada ya kukiri makosa ya matamshi ya chuki na kusambaza habari za uovu. Alikuwa amechapisha video TikTok zinazomtukana Rais, mkewe na mwanawe ambaye ni Mkuu wa Majeshi. Huenda matusi yalikuwa makali, lakini ni vigumu kuona jinsi familia ya Ikulu inavyoweza kuhesabiwa kuwa kundi dhaifu lililohitaji kinga ya sheria ya chuki.

Anayepigwa barabarani ana bahati ndogo zaidi. Kampala imepata angalau siku mbili zilizoonyesha wazi jinsi polisi wanavyojiandaa kwa chuki, na jinsi maandalizi hayo yanavyoweza kupita kando.

Siku ya kwanza ni Aprili 12, 2007. Serikali ilikuwa inafikiria kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi, iliyo chini ya kundi la Mehta, hekta 7,100 za Msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, ilime miwa. Wanamazingira na wabunge wa upinzani waliitisha maandamano jijini. Kwa wiki kadhaa ujumbe wa simu ulikuwa umezunguka ukiwahimiza watu wasinunue sukari ya Lugazi. Mehta ni familia yenye asili ya India, na katika mji uliowaona Waasia wakifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, haikuchukua muda hasira juu ya kampuni moja kugeuka hasira juu ya watu wote wa rangi ile. Miongoni mwa mabango ya siku ile yalikuwamo yaliyotishia Wahindi waziwazi.

Polisi walikuwa wamejiandaa kwa msafara. Walichokabiliana nacho ni msako. Vikundi vilijitenga na waandamanaji, vikavamia maduka ya Waasia na kuwapiga waliopatikana njiani. Mwanamume mmoja wa asili ya India alipigwa mawe hadi akafa. Waganda wawili nao waliuawa katika vurugu hizo. Polisi, na hili lazima wapewe haki yao, waliwaokoa makumi ya Waasia, wakiwamo waliokuwa wamekimbilia katika hekalu la Kihindu, wakawaondoa chini ya ulinzi. Bila uokoaji huo orodha ya vifo ingekuwa ndefu.

Siku zilizofuata, nguvu ya dola ilielekezwa kwa walioitisha maandamano. Wabunge Beatrice Anywar na Hussein Kyanjo walikamatwa na kushtakiwa. Mjadala ukarudi kwenye kibali, njia ya msafara na wajibu wa viongozi wa upinzani. Yote ni maswali halali. Lakini yalifunika swali jingine: dalili za kwamba Waasia ndio wangelengwa zilionekana wapi, nani alizipokea, na kwa nini hakukuwa na ulinzi katika mitaa yenye maduka yao kabla ya jiwe la kwanza? Mpango wa kudhibiti umati huuliza watu watakuwa wangapi na watapita wapi. Mpango wa kuzuia uhalifu wa chuki huanza na kuuliza ni nani watakaotafutwa.

Siku ya pili ilikuwa kweli siku tatu, kuanzia Septemba 10, 2009. Serikali ilikuwa imezuia ziara ya Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wilayani Kayunga. Vijana waliingia barabarani, matairi yakachomwa, kituo cha polisi cha Nateete kikateketezwa. Kwenye vizuizi vya barabarani, watu walioonekana si Baganda, hasa waliodhaniwa kutoka magharibi ya nchi, walisimamishwa na kutakiwa kuimba wimbo wa Buganda. Aliyeshindwa alipigwa. Ni mtihani wa lugha, na eneo hili la Maziwa Makuu linaujua mtihani wa namna hiyo kwa gharama kubwa mno.

Safari hii jibu la dola lilikuwa risasi. Serikali ilitaja vifo 27, nao Human Rights Watch walihesabu visivyopungua 40 na kusema wengi waliuawa na vikosi vya usalama, wakiwamo watu ambao hawakuwa katika ghasia. Vituo vinne vya redio vilifungwa, na CBS ya Buganda ikakaa kimya hadi Oktoba 2010. Kwa hiyo redio ziliadhibiwa kwa maneno, umati ukaadhibiwa kwa kuwapo, na yule aliyepigwa kwenye kizuizi kwa sababu hakuujua wimbo akabaki mtu wa mwisho kukumbukwa. Kosa alilotendewa lilikuwa na jina katika sheria tangu 1988.

Kati ya matukio hayo kuna mfano wa upande mwingine. Julai 11, 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Al-Shabaab walidai kuhusika, na Wasomali wa Kisenyi waliishi kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Wimbi la mauaji halikutokea. Ni kawaida kutowaandika watu ambao hawakuuawa, kwa hiyo ni vigumu kupima ni nini kilichowakinga: busara ya majirani, viongozi wa dini, au polisi. Angalau kila mtu alijua mapema ni mtaa gani ulikuwa hatarini.

Nchini Uingereza somo kama hilo lilipatikana kwa aibu. Aprili 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, alichomwa kisu akafa katika kituo cha basi kusini-mashariki ya London. Upelelezi ulivurugika, na familia yake ikapigania ukweli kwa miaka. Ripoti ya Jaji Macpherson ya Februari 1999 ilisema polisi wa London walikuwa na ubaguzi wa kitaasisi, ikatoa mapendekezo 70. Moja lilikuwa dogo kwa maandishi: tukio la ubaguzi wa rangi ni tukio lolote ambalo mwathiriwa, au mtu mwingine yeyote, analiona kuwa ni la ubaguzi wa rangi. Haimaanishi mshukiwa amepatikana na hatia. Ina maana kwamba askari wa kaunta hana ruhusa ya kuifuta sababu anayoitaja aliyepigwa, na mpelelezi analazimika kuifuata hadi ithibitike au ianguke. Utaratibu huo una wakosoaji wake huko, lakini tangu hapo angalau kuna kitu cha kuhesabu.

Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, ilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008 na kuunda tume yake, NCIC. Matamshi ya chuki yanaweza kumfunga mtu miaka mitatu au kumtoza shilingi milioni moja za huko. Ni hatua kubwa, ila nayo imeelemea kwenye mdomo wa mwanasiasa jukwaani kuliko kwenye rungu la jirani, na kesi zilizofika hukumuni ni chache mno zikilinganishwa na kelele za kila uchaguzi.

Kampala nayo ina mfano wake wa sababu isiyofuatwa. Oktoba 2010 gazeti dogo la jijini lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni mashoga, likitaka wanyongwe. Watatu walikwenda mahakamani, David Kato akiwa mmoja wao, na Januari 3, 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba uchapishaji ule ulikiuka haki zao za utu na faragha. Januari 26 Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Polisi walisema mapema kwamba mauaji hayo hayakuhusiana na harakati zake, na mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka huo huo. Yawezekana kabisa polisi walikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mlango wa sababu ulifungwa siku za kwanza, wiki chache tu baada ya gazeti lile kuitwa mahakamani, na waliokuwa katika orodha ile walibaki bila njia ya kujua kama hatari imekwisha. Tangu Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023, mtu wa namna hiyo akipigwa ana hofu ya ziada: akienda kaunta kulalamika anaweza kugeuzwa mshukiwa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliifuta sehemu iliyowalazimisha raia kutoa taarifa, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Msimamo wowote msomaji alio nao juu ya sheria hiyo, Ibara ya 212 ya Katiba inawapa polisi kazi ya kulinda uhai na mali bila kuorodhesha ni wa nani.

Wapo wanaosema kuhesabu chuki katika nchi ambayo Katiba yake inataja jamii 65 za asili ni kucheza na moto, kwamba takwimu za nani kampiga nani zitakuwa risasi mikononi mwa wanasiasa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa baada ya kuona sheria ya matamshi inavyotumika. Lakini kabila tayari limo kwenye karatasi ya maelezo. Anayetaka kulitumia vibaya analo. Asiye nalo ni kamanda wa wilaya anayepanga doria na ambaye hana namna ya kujua kwamba katika malalamiko 40 ya shambulio yaliyomfikia mwezi huu, matano yalianza kwa mtu kuulizwa ametoka wapi.

Kwa jiji hili jambo hilo linazidi kuwa la kila siku. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na Kampala imejaa wageni wa halali: wafanyabiashara wa Kikenya, wanafunzi wa Kitanzania, na wakimbizi wa Kongo, Sudan Kusini, Somalia na Eritrea, ambao wengi wao kwa miaka walianzia safari yao ya hifadhi katika kituo cha polisi cha Old Kampala. Wakongo wengi huzungumza na askari kwa Kiswahili, lugha ambayo polisi wa Uganda wameitumia tangu ukoloni hata pale raia wa jiji walipoikwepa kwa kumbukumbu zao za vizuizi vya wanajeshi. Kwenye kaunta, kwa mara moja, lugha hiyo inaweza kuwa msaada.

Kuongeza mstari mmoja katika kitabu cha matukio hakuhitaji muswada. Sheria ya Polisi inampa Inspekta Jenerali mamlaka ya kutoa amri za kudumu kwa vituo vyote, na mafunzo ya askari wapya hufanyika chini ya jeshi lake mwenyewe. Jukwaa la kulizungumza kikanda lipo pia: Shirika la Ushirikiano la Wakuu wa Polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, lilianzishwa hapa hapa Kampala mwaka 1998. Miaka kumi baadaye lilikuwa na itifaki ya kupambana na wizi wa mifugo, yenye maelezo ya jinsi ya kumtia ng'ombe alama na kumfuatilia akivushwa mpaka.