Kuganda, Kukwama na Kuelemewa: Msamiati wa Kompyuta Nzito Baada ya Kuhamia Toleo Jipya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumika kwa miaka kumi. Watumiaji wengi wamehamia Windows 11, toleo lililokwisha kutolewa tangu tarehe 5 Oktoba 2021. Malalamiko yanayofuata uhamaji huo hufanana: kompyuta imekuwa nzito, feni inavuma hata pale ambapo mwenyewe hafanyi kazi yoyote, na matumizi ya prosesa yamepanda hadi asilimia 90 au zaidi.

Malalamiko haya humfikia fundi kwa njia ya maneno, mara nyingi kwa simu, kabla hajaiona mashine. Anayeambiwa tu kwamba kompyuta “imeharibika” anaweza kuamua kufuta kila kitu na kuanza upya. Pamoja na mfumo hupotea tasnifu, hesabu za duka na picha za familia ambazo hazikuwa na nakala. Kwa hiyo uteuzi wa neno katika jambo hili si pambo la lugha. Ndio hatua ya kwanza ya matengenezo.

Kusasisha, kuboresha, kusakinisha

Vitenzi hivi vitatu vina muundo mmoja: kila kimoja kina kiambishi cha kusababisha. *Sasisha* kimetokana na *sasa*, yaani kufanya kitu kiwe cha sasa. *Boresha* kimetokana na *bora*. *Sakinisha* kimetokana na *sakini*, yaani kukaa mahali. Programu iliyosakinishwa imepewa makazi ndani ya kompyuta.

Katika mazungumzo ya kila siku *sasisha* na *boresha* hubadilishana nafasi, lakini kwa fundi tofauti yake ni kubwa. Anayesema “nilisasisha Windows” hueleweka kuwa alipokea marekebisho ya kawaida yanayotolewa kila mwezi, ambayo mengi yake huweza kuondolewa moja moja. Aliyetoka Windows 10 kwenda Windows 11 amebadilisha mfumo mzima. Kitenzi *boresha* hakimfai sana, kwa kuwa kinatoa hukumu kabla ya ushahidi: mwenye kompyuta iliyokuwa nzito hawezi kusema bila kinaya kwamba imeboreshwa. Maelezo yaliyo wazi zaidi ni *kuhamia toleo jipya*.

Mfano: *Nilisasisha mfumo jana usiku.* (marekebisho madogo)
Mfano: *Nilihamia Windows 11 jana usiku.* (mfumo mwingine)

Kuganda, kukwama, kuelemewa

*Kuganda* ni hali ya kiowevu kuwa kigumu, kama mafuta ya nazi wakati wa baridi. Kompyuta iliyoganda haijibu lolote: kishale hakisogei na vitufe havifanyi kazi. *Kukwama* ni kuzuiwa njiani. Programu moja huweza kukwama huku nyingine zikiendelea. *Kuelemewa* ni kubeba mzigo unaozidi nguvu. Kompyuta iliyoelemewa hujibu, ila kwa kuchelewa.

Matumizi makubwa ya prosesa ni suala la kuelemewa. Prosesa, ambayo wengine huiita *kichakataji*, hupokea maagizo na kuyatekeleza. Kitenzi *chakata* ni cha zamani kuliko kompyuta. Katika mashamba ya mkonge humaanisha kuponda majani ili kutoa nyuzi. Mashine ya mkonge iliyoshindiliwa majani mengi kwa mara moja haijaharibika. Vivyo hivyo, asilimia 100 ya prosesa haimaanishi kwamba kifaa kimekufa. Inamaanisha kwamba kinafanya kazi bila nafasi ya kupumua. Swali linalobaki ni kazi hiyo ni ya nani.

Imeelemewa na nini?

Sarufi yenyewe inalileta swali hilo. *Imeganda* haidai mtenda. Sentensi hukamilika bila yeye. *Imeelemewa* iko katika kauli ya kutendwa, na nyuma yake msikilizaji hungojea *na*: imeelemewa na nini? Kwenye Windows jibu hupatikana kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hufunguka Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea. Katika ukurasa wake wa Details, ukibofya kichwa cha safu ya CPU, majina hupangika kufuata ukubwa wa mzigo.

Baada ya kuhamia toleo jipya, majina matatu huonekana mara nyingi juu ya orodha. *SearchIndexer* hutengeneza upya faharisi ya mafaili, ili mtumiaji akitafuta waraka aupate upesi. *MsMpEng* ni kinga dhidi ya virusi inayokagua mafaili. *TiWorker* hukamilisha usakinishaji wa marekebisho. Hizi ni kazi halali za muda, sawa na shughuli za nyumba iliyohamiwa karibuni: masanduku hufunguliwa na vyombo hupangwa. Dawa yake ni subira. Kompyuta iachwe ikiwa imewashwa na kuunganishwa na umeme kwa saa kadhaa, na yenye mafaili mengi hata kwa siku nzima. Anayeizima kila baada ya nusu saa kwa hofu huirefusha kazi ileile anayoilalamikia. Mzigo usiopungua baada ya siku kadhaa ndio unaostahili kuitwa tatizo.

Pengine jina la juu ni la programu ya mtumiaji mwenyewe, iliyosakinishwa enzi za mfumo wa zamani. Hapo *sasisha* ndicho kitenzi sahihi: programu hiyo itafutiwa toleo linalopatana na mfumo mpya, au iondolewe kwa muda ili ionekane kama mzigo utashuka.

Jina moja limewapotosha wengi: *System Idle Process*. Likionyesha 95, msomaji wa haraka hudhani amemkamata mkosaji. Kumbe neno la kati humaanisha kukaa bila kazi; 95 hiyo ni sehemu ya nguvu za prosesa isiyotumika. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo kompyuta inavyokuwa na nafasi zaidi. Kumpelekea fundi namba hiyo kama ushahidi wa mzigo ni kumweleza kinyume cha hali ilivyo.

Kiendeshi: neno moja, hatari mbili

Jina jingine la kuangaliwa ni *System interrupts*. Likikalia sehemu kubwa ya prosesa kwa muda mrefu, mara nyingi huashiria hitilafu ya kifaa au ya programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa hicho, kama vile kadi ya mtandao au ya sauti. Programu hiyo ndogo huitwa *kiendeshi*. Neno hilohilo, hata hivyo, hutumika pia kwa diski inayohifadhi mafaili. Hapa ndipo utata wa msamiati unapoweza kuleta hasara.

Chukua agizo hili: *Futa kiendeshi, kisha ukisakinishe upya.* Kwa maana ya kwanza, ni tiba ya kawaida isiyogusa waraka hata mmoja. Kwa maana ya pili, ni kufuta kila kilichohifadhiwa. Muktadha humwokoa mjuzi; anayeongozwa kwa simu hana muktadha huo. Katika maagizo ni salama kutumia *draiva* kwa programu na *diski* kwa hifadhi, maneno ambayo mafundi tayari wanayo vinywani. Aidha, kitenzi *ondoa* kitumike kwa draiva, na *futa* kiachiwe mafaili.

Mfano: *Ondoa draiva ya kadi ya sauti, kisha usakinishe toleo jipya lake.*

Kurudi nyuma

Ikiwa hakuna kilichofaa, Windows 11 huruhusu kurudi kwenye mfumo uliotangulia ndani ya siku 10 tangu kuhama, mradi folda ya Windows.old haijafutwa. Mafaili ya mtumiaji hubaki, lakini programu zilizosakinishwa baada ya kuhama hupotea. Ni busara kutoa nakala ya mafaili kabla ya hatua hiyo. Hapa pia kitenzi kina uzito: aliyesema “nilisasisha” hatakumbushwa muda huo, na siku zake zitapita bila yeye kujua.

Maelezo yanayomsaidia fundi hayahitaji istilahi nyingi. Yataje tendo, hali, mtenda na muda: *Nilihamia Windows 11 siku tatu zilizopita. Kompyuta haijaganda, ila imeelemewa. Juu ya orodha kuna SearchIndexer, na namba yake haijashuka tangu jana asubuhi.* Kwa sentensi hizo tatu, fundi anajua pa kuanzia, na hana sababu ya kugusa diski.